Mkutano wa Alhamisi: dakika 205, riadha ya zamani na nauli za akina mama (maswali mnayouliza sana)

Tangu tangazo la mkutano wa Alhamisi litoke simu yangu haijatulia, mmoja anauliza bei, mwingine anauliza kama aje na watoto, mwingine ananipigia usiku saa nne kuuliza hivi nyie ni watu gani hasa. Sawa kabisa, ulizeni, mtu hatoi hela yake mahali asipopajua. Mimi ndo naandaa vipindi vya klabu yetu ya Rotary hapa Arusha mwaka huu, kwa hiyo nimekaa nikayakusanya maswali yote nikayajibu hapa, mengine kwa kirefu maana yananigusa, mengine kwa kifupi maana hayana mengi.

Kwani hiyo Alhamisi kuna nini?

Kuna mambo mawili ndani ya jioni moja. La kwanza ni mkutano wetu wa kila wiki, ila safari hii milango iko wazi kwa yeyote, na mzungumzaji ni mwalimu mstaafu wa michezo, mzee ambaye amesimama uwanjani na filimbi mdomoni miaka na miaka. Atatusimulia historia ya riadha ya Tanzania kuanzia Tokyo mwaka 1964, Tanganyika ilipokwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, mpaka Tokyo mwaka 2025. La pili ni harambee. Tunachanga nauli na viatu maalumu vya watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda, na namna ya kuchanga ni kununua dakika. Dakika zenyewe ziko 205, na Jumamosi inayofuata zitatembewa uwanjani.

Dakika 205 ni za nini?

Hili ndo linaongoza. Ni muda aliotumia John Stephen Akhwari kumaliza marathoni ya Olimpiki kule Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968. Masaa 3, dakika 25 na sekunde 27, zigeuze zote ziwe dakika unapata 205 na sekunde zake.

Jina lake wengi tunalijua ila tukio lenyewe tunalijua juujuu. Akhwari ni mtu wa Mbulu na hakwenda kule kwa kubahatisha, alikuwa kati ya wakimbiaji wazuri wa masafa marefu Afrika wakati ule. Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, misuli ikaanza kumkaza njiani, halafu kabla hata ya kufika nusu wakimbiaji wakabanana kugombea nafasi, akaanguka. Goti likachanika na kuteguka, bega nalo likagonga lami. Watu 75 walianza mbio ile na 18 waliishia njiani, yani hata angepanda gari la wagonjwa asingekuwa peke yake na hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Yeye akafungwa bandeji, akainuka, akaendelea, anakimbia kidogo, anatembea, anachechemea, anakimbia tena. Mamo Wolde wa Ethiopia alishamaliza zamani kwa 2:20:26, giza limeshaingia, watu wengi wameshatoka uwanjani, ndo anaingia mtu na bandeji inaning'inia mguuni. Wa 57, wa mwisho kabisa. Waliobaki wakampigia makofi mpaka anavuka mstari. Alipoulizwa kwa nini hakuacha alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 akaanze mbio, ilimtuma akamalize.

Kati ya mshindi na yeye ni saa 1 na dakika 5. Hizo dakika 65 mimi ndo zinanikaa kichwani, maana hapo hakuna tena cha kushindania, medali zina wenyewe, limebaki goti linalouma na barabara. Na msidhani aliishia pale. Mwaka 1970 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola Edinburgh alimaliza marathoni akiwa wa 5 kwa 2:15:05, muda ambao mpaka leo si wa mchezo. Hii sehemu watu hawaisimulii kabisa na inaniuma, mtu anakumbukwa kwa siku aliyoumia peke yake wakati alirudi tena akakimbia vizuri hivyo.

Haya, dakika moja bei gani?

Dakika ya 1 mpaka ya 140, hapo mshindi alikuwa bado anakimbia, ni shilingi 5,000 kila moja. Kuanzia ya 141 mpaka ya 204, zile ambazo Akhwari alikuwa barabarani na mshindi ameshamaliza, ni 10,000. Dakika ya 205 haina bei, inapigwa mnada siku hiyohiyo, nitaieleza mwisho.

Zote zikiisha tunapata 1,340,000 kabla ya mnada. Sio hela ya kujenga wodi, tunajua, na hatujaahidi wodi. Ukutani kutakuwa na karatasi kubwa za manila zimechorwa vyumba 205, ukinunua tunaandika jina lako kwenye chumba chako, au jina la unayempa heshima, mama yako, mwalimu wako, mtu aliyetangulia mbele za haki. Unaweza kununua nyingi, unaweza kuungana na wenzako watano mkanunua moja, vikundi vya ofisini vimeshaanza na wako vijana wa bodaboda wa kijiwe kimoja wamechukua dakika tatu mfululizo.

Hela inakwenda wapi hasa? Naomba jibu la kueleweka

Inakwenda kwenye vitu viwili tu: nauli ya mama na mtoto kwenda kliniki kila wiki, na viatu vya kuvaa baada ya matibabu. Ngoja nieleze kwa nini nauli, maana kila nikitaja nauli naona watu wanakunja uso, wanatarajia niseme dawa au upasuaji.

Kuna watoto wanazaliwa unyayo mmoja au yote miwili imegeukia ndani na chini, hospitali wengi wanaita mguu kifundo. Ukiachwa hivyo mtoto anakua anatembelea ubavu wa mguu au juu ya unyayo, ngozi inaota sugu, viatu haviingii, shule mbali, na mengine mnayajua. Lakini unarekebishika, na unarekebishika bila upasuaji mkubwa. Njia inayotumika sasa karibu dunia nzima ni ya daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa kule Marekani, ambaye aliona mguu wa kichanga ni laini kiasi kwamba ukiusogeza kidogokidogo na kuufunga plasta unakubali kunyooka.

Juzi kati nilikaa kliniki asubuhi nzima nione kwa macho yangu. Mama amelowanisha hogo la mtoto, yani ile plasta ngumu ya mguuni, kwenye beseni tangu alfajiri ili lilainike, sasa analibandua pole pole kwa kidole gumba kama mtu anayemenya yai. Likishatoka mguu unaoshwa, ngozi nyembamba, imekunjamana kwa kukaa ndani wiki nzima. Kisha watu wawili wanakaa, mmoja anashika unyayo anausogeza kidogo tu kuelekea panapotakiwa, anautuliza hapo bila kuubana, mwenzake anazungusha pamba halafu bandeji ya plasta iliyolowa, kuanzia vidoleni mpaka juu kwenye paja na goti likiwa limekunjwa. Mtoto ananyonya muda wote huo. Plasta ikianza kukauka inatoa joto, yule mama akaligusa akashtuka, muuguzi akamwambia ni kawaida, litapoa. Likapoa. Wakaandika tarehe kwenye kadi na mama akabeba mtoto wake akaenda kutafuta gari la kurudi.

Sasa hilo ni la wiki moja. Wiki ijayo anarudi, mguu unasogezwa tena kidogo, hogo jipya. Kwa kawaida ni mara 5 mpaka 7 hivi, halafu watoto wengi wanakatwa kidogo ile kano ya nyuma ya kisigino kwa ganzi tu, hogo la mwisho linakaa wiki 3, ndo wanahamia kwenye viatu viwili vilivyounganishwa na kipande cha chuma. Vile vinavaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi 3, baadaye wakati wa kulala tu, mpaka mtoto afike miaka 4 au 5. Mama akiacha viatu mapema kwa sababu anaona mguu umeshanyooka, mguu unarudi kupinda.

Piga hesabu ya mama anayetoka vijiji vya Karatu au Longido, na mtoto mgongoni, kila wiki, wiki 7 au 8, kwenda na kurudi, na siku hiyo hajauza kitu sokoni wala hajalima. Plasta sio kitu cha bei kubwa, kinachomkatisha ni barabara. Hogo la 3 au la 4 ndo wengi wanapotelea hapo, mguu umeanza kuonyesha dalili nzuri na hela ya nauli imekwisha. Ndo maana nauli.

Nitajuaje hela yangu haijaliwa?

Swali zuri na tunaomba mtuulize kila mwaka, sio mwaka huu tu. Klabu ina akaunti mbili, moja ni ya uendeshaji ambayo inatokana na ada zetu wenyewe wanachama, nyingine ni ya huduma, na ya huduma haiguswi kwa chai wala karatasi wala mafuta ya gari la mtu. Bango, karatasi za manila na vitafunwa vya Alhamisi vinatoka kwenye mifuko yetu. Hakuna kiongozi wa klabu anayelipwa mshahara. Hela haitoki benki mpaka watu zaidi ya mmoja wasaini.

Kwenye nauli utaratibu ni kwamba mama anapewa ya kurudi nayo palepale kliniki baada ya kadi yake kuandikwa, anasaini au anaweka dole gumba, muuguzi anashuhudia. Tukimaliza tunabandika hesabu kwenye ukuta uleule wa ukumbi, kiasi kilichoingia, kilichotoka, na kadi ngapi zimefika hogo la mwisho. Hiyo namba ya mwisho mimi naitaka kuliko zote. Picha za watoto hatubandiki, naomba mtuelewe, mtoto hajaulizwa.

Samahani lakini, nyie si ndo Freemason?

Usiombe samahani, tunaulizwa hili karibu kila wiki na wengine wanaogopa kuuliza wanaishia kutokuja. Hapana. Rotary ilianzishwa Chicago tarehe 23 Februari 1905 na mwanasheria anaitwa Paul Harris na wenzake watatu, walikuwa wanakutana ofisini kwa huyu wiki hii na ofisini kwa yule wiki ijayo, yani wanazungukiana kama kikoba, na jina likatoka hapo kwenye kuzunguka. Haina dini, haina kiapo cha siri, haina chumba cha siri. Kwetu wamo Waislamu, Wakristo, Wahindu, na wapo wasiosema, na mkutano unafanyika kwenye ukumbi wa hoteli ambao mhudumu anaingia na kutoka na birika la chai.

Kitu tunachokariri pamoja ni maswali manne ya kujipima kabla ya kusema au kutenda jambo: je, ni kweli? je, ni haki kwa wote wanaohusika? je, italeta nia njema na urafiki? je, itawafaidi wote wanaohusika? Yaliandikwa mwaka 1932 na mfanyabiashara Herbert Taylor alipokuwa anajaribu kuokoa kampuni iliyokuwa inazama. Ndo hayo tu, unaweza kuja ukatusikiliza tukiyasema.

Sasa zaidi ya kukutana mnafanya nini?

Kila klabu na yake, visima, madawati, kupima macho, damu salama. Kwa dunia nzima kazi kubwa ni polio, Rotary imeishikilia tangu mwaka 1985 pamoja na mashirika mengine na serikali, na Agosti 2020 Afrika ikathibitishwa kuwa haina tena polio ya virusi vya asili. Wale wa umri wetu mnakumbuka mtaani kulikuwa na mtu anayetambaa kwa mikono na ndala zimevaliwa viganjani. Wadogo zetu wengi hawajawahi kumwona mtu huyo.

Lazima niwe tajiri? Lazima nialikwe?

Kuwa mwanachama kuna utaratibu, unahudhuria kwanza, unafahamiana na watu, mwanachama anakupendekeza, na ada ipo. Kuja Alhamisi hakuna utaratibu wowote. Ingia, andika jina mlangoni, kaa. Ukija ukasikiliza mzee ukala sambusa yako ukaondoka bila kununua dakika hakuna atakayekuuliza, na nasema hivi kwa moyo mweupe kabisa, kuna mtu anayekuja leo mikono mitupu na kesho ndo anamleta mtoto wa jirani kliniki.

Vijana wa kuanzia miaka 18 kuna Rotaract, na sekondari kuna Interact.

Mkutano wenyewe unaendaje? Sitaki kuja nikaonekana mshamba

Hutaonekana. Saa 12 kamili jioni Rais wa klabu anagonga kengele, na tunaposema saa 12 ni saa 12, hili tunalisisitiza kwelikweli. Wimbo wa taifa, yale maswali manne, halafu wageni wanatambulishwa, ukifikiwa unasimama unataja jina na unakotoka inatosha.

Kisha linapita kopo. Ni kopo la maziwa ya unga limetobolewa kifuniko, liko na klabu muda mrefu kiasi kwamba maandishi yote yamefutika. Tunaita shilingi ya furaha: mwenye jambo la kushukuru anasimama, analisema kwa sentensi moja, anatumbukiza chochote. Mtoto amefaulu, ng'ombe amezaa, mzee ametoka hospitali. Mimi hii ndo sehemu naipenda, unakaa na mtu miezi sita mnasalimiana tu halafu siku hiyo anasimama anasema leo mke wangu ametimiza miaka miwili tangu amalize matibabu, anaweka elfu mbili anakaa. Hata hela ya kopo Alhamisi hii inakwenda kwenye nauli.

Baada ya hapo mzee anapewa dakika 30, maswali dakika 15, mnada, kengele. Saa 1 na nusu usiku kila mtu anakwenda kwake.

Ni Kiingereza? Mama yangu angependa kuja

Mlete. Kawaida tunachanganya lugha ila Alhamisi yote ni Kiswahili, mzee mwenyewe alitupa hilo sharti, amesema habari za Akhwari hawezi kuzisimulia kwa lugha nyingine mbele ya watu wa Mbulu. Mama akae mbele.

Kwa nini riadha? Mngeleta historia ya Simba na Yanga ukumbi ungejaa

Ungejaa, kweli. Lakini za Simba na Yanga zinasimuliwa kila siku vijiweni na redioni, mtoto wa darasa la nne anajua kwamba Yanga ni ya 1935 na Simba ni ya 1936 na kwamba Simba iliitwa Sunderland mpaka 1971. Muulize mtoto huyohuyo Suleiman Nyambui ni nani. Mimi nimewauliza, kwenye shule mbili, na hapa ni Arusha, mkoa ambao ukienda barabarani alfajiri unapishana na watu wanakimbia kuelekea Ngaramtoni, wakati medali zote za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata ni mbili, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980, na zote za riadha: Nyambui mita 5,000 na Filbert Bayi mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Tangu hapo hakuna nyingine. Watu wawili tu wa kuwakumbuka na tunashindwa.

Mzee ataongelea nini, au ni Akhwari tu?

Ametupa muhtasari wake, kauandika kwa mkono kwenye daftari la mistari. Nusu nzima ni Bayi, na nimeelewa kwa nini.

Filbert Bayi ni kijana wa Karatu, alizaliwa 1953. Tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wakati ule, na hata leo mara nyingi, watu wa 1,500 wanakimbia kwa kutegeana, hakuna anayetaka kuongoza, wanasubiri mzunguko wa mwisho ndo wanafyatuka. Bayi alifyatuka bastola ilipolia. Akachomoka peke yake mbele kama anakimbia mita 800, akapita mita 800 kwa kama dakika 1 na sekunde 52, watu wanangoja achoke. Mzunguko wa mwisho wakaanza kumkaribia kweli, John Walker wa New Zealand mbele ya watu wa kwao, na Ben Jipcho wa Kenya, uwanja mzima unapiga kelele kwa Walker. Bayi akatazama nyuma, akaongeza. 3:32.16, rekodi ya dunia. Walker aliyekuwa wa pili naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun ya mwaka 1967, na bado akapigwa.

Mzee ana saa ya kusimamisha, ile ya kizamani ya kuzungushwa, na anasema atatufanyisha jambo: atabonyeza, watu wote wakae kimya dakika 3 na sekunde 32, yeye akitaja tu Bayi yuko wapi kila baada ya sekunde kadhaa. Tulilijaribu watu wanne sebuleni kwake. Kuanzia dakika ya tatu nilikuta nimeshika mkono wa kiti.

Ile rekodi ya dunia ilikaa mpaka 1979 alipoivunja Sebastian Coe. Kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikaa mpaka 2022 Birmingham, miaka 48. Mwaka 1975 Bayi akachukua na rekodi ya maili kule Kingston, Jamaica, 3:51.0, Walker akaichukua miezi mitatu baadaye kwa 3:49.4. Dunia nzima ikawa inasubiri wawili hao wakutane Olimpiki ya Montreal 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, nchi za Afrika zikasusia Olimpiki, Tanzania ikiwemo, Walker akachukua dhahabu bila Bayi uwanjani. Mzee atataka tulijadili hili na mimi namuunga mkono, mtu aliacha dhahabu yake kwa ajili ya watu wa Soweto na hakuna barabara nyingi zenye jina lake.

Halafu kuna Juma Ikangaa, ambaye aliongoza marathoni New York mwaka 1989 akashinda kwa 2:08:01 na akawa wa pili Boston mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Na Gidamis Shahanga, dhahabu ya marathoni Edmonton 1978. Muda ukiruhusu. Mzee akianza Bayi muda hauruhusu.

Na wanawake mmewasahau?

Tulikuwa karibu kuwasahau, dada mmoja ndo alituuliza na tukamrudia mzee, akaongeza ukurasa. Ataanza na Theresia Dismas, aliyerusha mkuki akapata fedha kwenye Michezo ya Afrika Brazzaville mwaka 1965, miaka 3 kabla ya Mexico. Atamaliza na Magdalena Shauri, wa tatu Berlin 2023 kwa 2:18:41. Asante dada.

Simbu yumo?

Atakosaje! Ndo Tokyo ya pili hiyo. Tarehe 15 Septemba 2025, mashindano ya dunia, Alphonce Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani wamefika mstarini karibu sambamba baada ya kilomita 42, wote wameandikiwa 2:09:48, tofauti ni sekunde 0.03, na picha ya mstarini ndo imeamua. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Alikuwa na shaba ya London 2017, alikuwa wa 5 Rio 2016, yani miaka yote hiyo yupo tu anakimbia, sisi ndo tulikuwa tumeacha kuangalia. Mzee amesema asubuhi ile alilia, mkewe akadhani kuna msiba.

Watoto? Mavazi? Parking?

Watoto waje. Vaa ulichonacho, wengine tunatoka kazini wengine shambani. Parking ipo ndani ila inajaa mapema.

Siko Arusha, nachangiaje?

Namba ya malipo iko kwenye bango la tangazo. Ukiiweka kwenye simu kabla ya kuthibitisha lazima litokee jina la klabu, likitokea jina la mtu binafsi usitume, tupigie. Kisha tutumie ujumbe wa namba ya dakika unayotaka na jina la kuandika. Dakika ya 141 imeshaenda, nimeinunua mimi, msinilaumu.

Na zile dakika zinatembewa kweli?

Zinatembewa. Jumamosi inayofuata saa 1 asubuhi wanachama wanne wanaanza kuzunguka uwanja na hawasimami mpaka saa ya mzee isome 3:25:27, anayetaka kuungana nao hata kwa mzunguko mmoja aje. Kila dakika ikifika jina la mwenye dakika linasomwa kwa sauti.

Jirani yangu ana mtoto ana nyayo hizo. Afanyeje?

Asisubiri Alhamisi. Mtoto aanze mapema, wiki za kwanza baada ya kuzaliwa ndo mguu uko laini zaidi, lakini hata kama ameshachelewa, hata ameshaanza kutembea, apelekwe, wataalamu wataangalia cha kufanya. Aende hospitali ya wilaya au ya mkoa aulizie kliniki ya miguu, KCMC Moshi na CCBRT Dar wanafanya kazi hii siku nyingi. Na mwambie kwa utaratibu, mbele ya mumewe na mama mkwe kama inawezekana: hakuna alichokosea akiwa mjamzito, hajarogwa, hakukanyaga kitu. Tumekutana na mama aliyemfunika mtoto miguu kwa kanga miezi minne ili watu wasione, alipofika kliniki akakuta benchi zima la watoto wenye miguu kama ya wake akaifunua kanga mwenyewe bila kuambiwa. Kama kinachomzuia ni nauli, mpe namba yangu.

Na dakika ya 205 inapatikanaje?

Mzee akimaliza kusimulia na kujibu maswali hatazima saa yake. Ataiweka mezani inaendelea kusoma, mnada utaanza hapo, na atakapoibonyeza ndo mwisho, dau la mwisho lililotajwa ndo limechukua. Mshindi anaandikwa kwenye chumba cha mwisho cha karatasi, na Jumamosi yeye au mtu atakayemchagua anakuja kutembea dakika ile uwanjani na wale wanne. Mpaka naandika hapa kuna kikundi cha akina mama wa kliniki, wale ambao watoto wao wameshafika kwenye viatu, wamenipigia kuuliza kama na wao wanaruhusiwa kutaja dau. Nimewaambia wakae mstari wa mbele.